Swali Ambalo Tasneem Hakuniuliza

Watu wa mtaani kwetu Shela, hapa Malindi, wakitaka kumchokoza Tasneem humwita daktari wa maneno. Mwanamke akizidi kugombana na majirani utasikia, "Mpelekeni kwa Tasneem akapunguzwe." Yeye hucheka nao. Mimi, shangazi yake, sicheki. Kwanza sina tabia ya kuchekea upuuzi, na pili nayajua yaliyomfikisha kwenye kile chumba chake cha hospitali, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Nayajua pia yaliyomvunja moyo humo mwaka jana, maana aliyeyaleta ni mimi.

Naitwa Khamisa. Nilikuwa karani wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na saba, nimeandika majina ya watoto mpaka vidole vikapinda, na sijazoea kuambiwa kwamba kuna kitu sikijui. Kaka yangu, Mwalimu Twahir, Mungu amrehemu, ndiye baba yake Tasneem.

Twahir alikuwa na chuo uani kwake. Alisomesha Kurani, na jambo lililomkera kuliko yote ni mtoto kutoa herufi mahali pasipo pake. Kila herufi ina makhraji, yaani mahali inapotokea: hii kooni, hii kati ya ulimi na kaakaa, hii kwenye ncha ya ulimi na ufizi wa juu. Tasneem alikuwa na miaka tisa alipopewa watoto wa chuo wenye ndimi nzito awasaidie. Alikuwa akichutama mbele yao, anapanua kinywa chote, anawaonyesha ulimi wake ulipo. Nikipita namwambia, "Funga kinywa, mwanangu, nzi wataingia." Anakifunga kwa adabu, na nikipinda kona anakifungua tena.

Alipomaliza masomo alifundisha miaka michache katika kitengo cha watoto wasiosikia, kisha akasema anakwenda Nairobi kusomea tiba ya usemi. Nilipinga. Nilimwambia waziwazi, "Unakwenda kusomea kusema, na wewe tangu uzaliwe hujanyamaza?" Twahir akanitazama mpaka nikaona aibu. Akaenda. Aliporudi akapewa ile stoo ya mashuka, meza moja na viti viwili vya watoto, na kwa miezi kadhaa wagonjwa walikuwa wakifungua mlango wake wakiulizia choo kiko wapi.

Kidogo kidogo wakamjua. Wazee waliopooza upande mmoja na maneno yakawapotea, watoto wenye kigugumizi, watoto waliozaliwa midomo imepasuka. Kazi aliipenda, lakini kulikuwa na jambo likimtafuna. Watoto wengine alikuwa akiwanyoosha herufi chumbani mpaka zinatoka safi, na wakifika getini zimepinda tena.

Kilichombadilisha ni msichana mmoja wa Ganda, Phoebe, mwanafunzi wa sekondari aliyetaka kuwa mtangazaji wa redio, nazo s zake zote zilitoka ulimi ukiwa umechungulia nje ya meno. Mwaka mzima Tasneem alihangaika naye. Siku moja akamkuta barazani anakula mahamri akingoja zamu yake. Akasimama akamtazama. Kila Phoebe akimeza, ulimi unasukuma meno ya mbele. Akiacha kutafuna, kinywa kinabaki wazi na ulimi umelala chini hauna kazi. Jioni ile Tasneem alipita kwangu, hata chai hakuinywa.

"Shangazi," akanambia, "mwaka mzima napaka chokaa ukuta ambao ndani unavuja maji."

Akatafuta, akakuta kumbe kuna watu ulimwenguni ambao kazi yao ni hiyo tu: ulimi ukae wapi mtu anaponyamaza, midomo ifungwe vipi, mtu ameze vipi, apumue kwa pua na si kwa kinywa. Jina la Kiswahili alilitunga mwenyewe, tiba ya misuli ya kinywa na uso, na wakubwa zake walipolisikia mkutanoni walicheka. Akasoma kwa kompyuta, mwaka mmoja na nusu, na walimu walioko ng'ambo, kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri. Kwao mtandao ulikuwa dhaifu, kwa hiyo akaja kusomea juu ya dari ya nyumba yangu. Nikawa naamshwa na binti wa miaka thelathini na nane anayebandika ulimi kwenye kaakaa na kuubandua, tua, tua, tua. Jirani akaniuliza kama nimefuga mjusi kafiri.

Na ilifaa, sikatai. Watoto waliosoma chuo aliwaambia, "Ulimi wako ukae mahali pa herufi nuni, halafu funga midomo, nyamaza." Wasiosoma chuo aliwaambia waseme "nana" na wasiuondoe ulimi. Aliwafundisha kushika kifungo cha koti kwa midomo huku yeye akikivuta kwa uzi. Phoebe baada ya miezi minne s zake zilitulia, na sasa ndiye anayesoma matangazo shuleni kwao. Nilimwona Tasneem akitembea barabarani siku zile kama mtu aliyeolewa jana.

Lakini kazi ile ina sharti moja. Huwezi kumfundisha mtoto kufunga kinywa kama pua yake haipitishi pumzi. Wengi waliomjia walikuwa na pua zilizoziba, na wa kuzizibua si yeye, ni daktari wa pua na koo, na madaktari hao katika pwani yetu unawahesabu kwa vidole. Tasneem anaandika barua, mtoto anaondoka nayo, na mara nyingi hamwoni tena. "Mimi ni wa mwisho kwenye foleni, shangazi," aliwahi kunambia. "Nangojea watu ambao hata hawajui kama niko."

Jambo lingine alilopambana nalo ni kimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa. Kwetu mtoto akikohoa sana, akikoroma au akichelewa kusema, wazee husema kimeo chake kimerefuka, na fundi hukikata. Mimi nilikatwa nikiwa na miaka sita, Twahir naye alikatwa, na sote tulikua tukasema mpaka watu wakatuchoka. Lakini Tasneem alikuwa amewaona wale ambao kisu kilipita mpaka. Kwa hiyo kila mama aliyeingia chumbani kwake, wa Ganze, wa Gongoni, hata aliyetoka mbali Mariakani, swali la kwanza lilikuwa hilo: mtoto amekatwa kimeo, na je, kuna mtu nyumbani anayefikiria kumkata? Jibu likiwa la kusitasita, hamwachi aondoke. Anamweleza, anamchorea, anamwapisha.

Sasa nifike kwa Raiya. Raiya ni mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu Kamaria, anafanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Watamu na huja siku zake za mapumziko, kwa hiyo mtoto namlea mimi tangu ana miaka miwili. Alipofika mitano alikuwa mtoto wa kinywa wazi. Kinywa wazi akicheza, kinywa wazi akitazama watu, ute unamlowesha kifua. Akilala anakoroma kama mzee. Maneno yake yalikuwa mazito, na chuoni alisinzia mpaka mwalimu akasema nimpumzishe. Nilichelewa kumpeleka kwa Tasneem kwa sababu nisiyoipenda: niliona aibu mtoto wa nyumbani kwetu awe miongoni mwa wale wa kwenye benchi.

Siku tuliyokwenda Tasneem aliinuka. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mtazame huyu mwenzio, mwenye kinywa kisicho mlango."

Akammulika kooni. Mafindofindo yalikuwa makubwa karibu yagusane. Akamwekea kioo kidogo chini ya pua, akamwambia apumue. Upande mmoja kioo kikafanya ukungu hafifu, upande wa pili hakikufanya kitu. Tasneem akakifuta kioo, akarudia, akakifuta tena.

"Siwezi kumwanza, shangazi. Nikimwambia afunge kinywa nitamnyima pumzi. Nyuma ya pua kuna nyama imekua. Anataka daktari aitoe, na mafindofindo pia. Akishatolewa, nipe miezi mitatu tu."

"Si uitoe wewe? Ulisoma yote hayo ya nini?"

"Mimi sishiki kisu, shangazi yangu."

Akaandika barua, akatusindikiza mpaka mlangoni. Pale nje alikuwa mama mmoja wa Ganze na mtoto mgongoni, na kabla hajakaa vizuri nilimsikia Tasneem akimuuliza lile swali la kimeo. Mimi hakuniuliza. Nakumbuka nilifurahi kidogo, kwa kiburi. Nilijiona mtu wa mji, mwenye kalamu, ambaye haulizwi mambo kama hayo.

Hospitali tuliyoandikiwa sitaitaja, maana haitamsaidia mtu. Tarehe ya kwanza tulipewa baada ya miezi mitano. Tulipofika madaktari walikuwa kwenye mgomo. Ya pili, daktari wa dawa ya usingizi alikuwa amehamishwa na mwingine hajaletwa. Ya tatu, Raiya aliamka na homa, tukarudishwa. Kila tarehe tulikwenda na mtoto mwenye njaa, amefungishwa tangu usiku, na kila tarehe nilimrudisha analia anataka uji. Tasneem alipiga simu, aliandika, alikwenda mwenyewe akakaa nje ya milango ya watu. Kila Alhamisi alikuja nyumbani kumwosha Raiya pua kwa maji ya chumvi na kunionyesha namna ya kumlaza ubavu. Alikuja na mikono mitupu, akaondoka na mikono mitupu, na mimi nilianza kumkasirikia kama kwamba funguo anazo yeye.

Halafu ikaja siku moja, mchana. Raiya alikuwa amelala kwenye mkeka baada ya chakula, nami nachambua mchele kando yake. Mkoromo ukakatika. Nikageuka. Kifua kinapanda na kushuka, lakini pumzi haiingii wala haitoki. Nikahesabu, sijui kwa nini nilihesabu badala ya kumwamsha, nikafika kumi na moja. Ndipo akashtuka, akavuta pumzi kwa kelele, akaendelea kulala. Nikautupa ungo kando. Nikampigia Tasneem.

"Najua, shangazi," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Leo nimewapigia mara tatu. Wametupa wiki mbili. Tusubiri hizo wiki mbili, tafadhali."

Nikakata simu. Kusubiri nilikuwa nimekuchoka mpaka kwenye mifupa.

Sikumwambia Tasneem, wala Kamaria. Fundi Gharib anakaa mitaa miwili kutoka kwangu. Watu wa mji tunapenda kusema vimeo ni mambo ya mashamba, na fundi mwenyewe tunapeana naye salamu kila Ijumaa. Nilijiambia maneno mengi njiani. Kwamba koo limeziba na hiki ni kitu cha kooni. Kwamba mimi nilikatwa na niko hai. Kwamba Tasneem mwenyewe amesema panahitajika kisu. Gharib alinipokea vizuri, akavaa glavu, akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake, na mimi nikaridhika kwa sababu ya zile glavu. Akachungulia akasema kimeo ni kirefu. Nikampakata Raiya, nikamshika kichwa kwa mikono yangu miwili.

Mtoto alijitupa. Zaidi ya hapo sitaeleza, ila damu haikusimama kama fundi alivyoahidi, na Gharib alikuwa akisema "kidogo tu, kidogo tu" huku uso wake umebadilika. Nilimbeba mpaka kwenye tuktuk. Hospitalini Tasneem aliitwa, akaja mbio, akaona kinywa cha mtoto, akaniona mimi na nguo zangu. Alikaa sakafuni karibu na kitanda siku mbili, na Kamaria alipofika kutoka Watamu ni Tasneem aliyemweleza, si mimi.

Raiya alipona, kama kupona ndiko huko. Kisu kilikuwa kimechukua kimeo na kipande cha kaakaa laini, na kidonda kilipokauka kikavuta kaakaa upande mmoja. Akinywa maji yanamtokea puani. Akisema, sauti inavujia puani, maneno yanatoka hayana mifupa. Na kukoroma hakukuisha, kwa sababu nyama ya nyuma ya pua bado ipo pale pale ilipokuwa.

Zile wiki mbili zilipotimia, tulikwenda. Siku hiyo kila kitu kilikuwepo. Daktari alikuwepo, dawa ya usingizi ilikuwepo, kitanda kilikuwa kimetandikwa na jina la Raiya limeandikwa ubaoni. Daktari akammulika kooni, akaizima tochi.

"Nani alimfanya hivi?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

Akatueleza taratibu, mtu mpole, laiti angenifokea. Kaakaa limepungua, halifiki tena nyuma kuziba njia ya pua. Kinachosaidia kuziba kidogo sasa ni ile nyama tuliyotaka itolewe. Akiitoa, mtoto atapumua vizuri, lakini hata hayo maneno machache yanayoeleweka yatapotea. Akiiacha, maneno yatabaki hivyo hivyo, na usingizi utabaki wa kukatika pumzi. Kushona kaakaa upya ni kazi ya watu wengine, mbali, akishakua, na kovu lile lilivyo hawezi kutuahidi kitu. Aliweza tu kupunguza mafindofindo, kidogo, kwa tahadhari. Hilo akalifanya. Usingizi ukawa afadhali kiasi, lakini bado nalala nimeweka kiganja juu ya kifua cha mtoto.

Nilimwendea Tasneem chumbani kwake, hasira zimenijaa, na hasira zangu siku zote hutafuta mtu wa karibu. "Mfundishe basi! Si misuli ndiyo uliyosomea? Umenichoshea dari yangu mwaka mzima na nusu, leo unanambia huwezi?"

"Nafundisha misuli iliyopo, shangazi," akasema. "Hapo nilipotakiwa kufundisha hapana kitu. Nikimfanyisha mazoezi ya kaakaa nitakuwa nakudanganya wewe, na nitamchosha yeye."

Nikakaa kwenye kile kiti cha mtoto, magoti yamenifika kifuani. Ndipo nikamuuliza lililokuwa likinichoma. "Kila mtu unamuuliza habari za kimeo. Yule mama wa Ganze ulimuuliza nikisikia kwa masikio yangu. Mbona mimi hukuniuliza?"

Alikuwa akipanga kadi zake za picha, akizipanga na kuzipangua.

"Nilikuonea haya. Lilinifika hapa," akagusa midomo. "Nikasema nitamuulizaje shangazi yangu swali hili kama namuuliza mtu asiyejua? Dada wa baba yangu, karani wa shule. Nikaona nitakuvunjia heshima. Ungekuwa bibi nisiyemjua ningekuuliza."

"Ungeniuliza ningekutukana," nikasema.

"Najua. Na usingemkata."

Mgonjwa mwingine akabisha hodi, nikainuka kwenye kile kiti. Tangu siku hiyo anamuuliza kila mtu, mkubwa na mdogo, na wiki iliyopita amemuuliza mke wa imamu, naye akatoka amenuna, mtaa mzima ukajua. Tasneem hajali tena. Lakini amekonda, na kicheko chake kimekuwa cha adabu tu. Kuna siku alinambia kwamba kila kitu alichosoma kilimwongoza kwenda ndani zaidi, kutoka herufi kwenda ulimi, kutoka ulimi kwenda pumzi, na huko mwisho amekuta mtoto wa nyumbani kwao, naye hana la kumpa. Nilisikia uchungu nikamwambia asiseme hivyo.

Kamaria hajanilaumu. Anakuja, anamkogesha mtoto, ananipikia, ananiamkia, anaondoka. Bora angenilaumu.

Alhamisi hii iliyopita nilimpeleka Raiya tena, kwa sababu Tasneem humpima kila baada ya miezi mitatu na kuandika, ili siku ya hao watu wa mbali kama itafika wakute maandishi. Anamwonyesha picha, Raiya anataja. Paka, p ikavujia puani. Kikombe, hakikusikika. Samaki, s ikawa upepo. Picha ishirini. Mtoto anajitahidi, shingo imemkaza, anakunja uso kusukuma neno, na baada ya kila picha anamtazama Tasneem machoni aone kama limetoka. Amekuwa mtoto wa miaka sita anayejua kwamba halitoki.

Tasneem ana desturi yake: hamruhusu mtoto yeyote atoke chumbani na neno lililomshinda. Lazima la mwisho liwe analoliweza. Akafikiri kidogo, akaziweka kadi chini. Alinieleza baadaye kwamba sauti chache zimesalimika, kama n na ny, zile ambazo kwa maumbile yake hupita puani, kwa hiyo kaakaa hazilihitaji.

"Raiya," akasema, "muite mwenye kukuleta. Kwa nguvu."

Raiya akanigeukia, akavuta pumzi.

"Nyanya!"

Lilitoka zima, halikukosa kitu. Hata waliokaa barazani walilisikia, na mmoja akachungulia. Tasneem akampigia makofi, na mtoto akacheka, akarukaruka, akaliita tena na tena, kwa sababu ndilo neno lake safi kuliko yote aliyobakiwa nayo. Nami kila alipoliita niliitika.